Namba Niliyoifuta Mkononi mwa Kidoti

Chumba cha uani,
S.L.P. 412.
9 Machi

Mpendwa mkwe wangu, Mama Kidoti,

Bado nakuita mkwe, ingawa mwanangu alikuacha miaka kumi na moja iliyopita. Salamu nyingi. U hali gani? Kifua kile kinachokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Huku watoto wako ni wazima. Mimi si mzima na sitakuwa. Figo zimechoka, mguu wa kushoto walishauondoa chini ya goti, na juzi daktari, kijana mwenye adabu nyingi, alinizungushia maneno mpaka nikamwambia aseme tu. Akasema. Kwa hiyo naandika mistari mitano, napumzika, naandika mitano mingine.

Sitakuzungusha kama daktari. Kuna jambo nimelificha: siku ile ya tamasha la mashabiki, namba uliiandika. Niliiona kwa macho yangu, na mimi ndiye niliyeifuta. Haikufutwa na jasho wala maji. Ni mimi.

Unaikumbuka asubuhi ile. Timu ilikuwa inatambulisha wachezaji wapya, mji mzima umevaa kijani, na wajukuu nilikuwa nimewaahidi mwezi mzima. Wewe ulikuwa na zamu kwenye stoo ya mizigo ya kampuni ya mabasi, mumeo yuko kwenye kazi yake ya kuchomelea mageti. Hukutaka waende. Ulisema Kidoti ana miaka minne tu, atamezwa na watu. Nilikasirika. Nikakuuliza kama mtu aliyefundisha watoto wa wenzake miaka thelathini na minne atashindwa na wawili wa kwake. Ndipo ukatoa mkobani ile kalamu nene ya kuandikia maboksi, ukawaandika watoto namba yako ya simu, kuanzia karibu na kiwiko hadi kiganjani.

"Usinikasirikie, Baba," ulisema. "Kazini kwetu mzigo usio na namba ukipotea, mwenyewe haupati tena."

Kidoti alifurahi, akadhani ni pambo. Meja, ambaye alikuwa na miaka saba na tayari anatuamrisha nyumba nzima, alidai yake iandikwe kubwa zaidi.

Nilivumilia mpaka kwenye foleni ya geti. Pale nikakutana na mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizo fundi simu mwenye kitambi. Akaniamkia kwa heshima zote, kisha akawaona watoto. "Mwalimu, mbona hawa umewapiga chapa kama mbuzi wa mnada?" Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka, lakini iliniingia. Tena kilichonichoma zaidi hakikuwa mbuzi. Ni kwamba namba ilikuwa yako peke yako. Yangu haikuwepo, kana kwamba mimi mwenyewe ni mmoja wa watakaopotea.

Nikawakalisha kwenye kiukuta karibu na choo, nikatoa pamba zangu za spiriti, zile za sindano ya sukari, nikasugua. Kalamu yako ilikuwa kali. Zilikwisha pamba sita. Kidoti alilalamika baridi. Meja aliniuliza kama Mama hatakasirika. Nikamwambia mwanamume haulizi maswali ya namna hiyo.

Sasa habari ya uwanja wenyewe, maana hasira yangu kwa watu wale bado mbichi. Walikuwa na mageti sita, wakafungua mawili. Spika zao zilikuwa kubwa kama makabati. Mtoto analia miguuni pako na humsikii. Palikuwa na jukwaa la wageni wa heshima, lina mapazia, lakini hapakuwa na hata kona moja ya watoto. Kila aliyevaa kizibao cha uangalizi alikuwa ameupa umati mgongo, anawapiga picha wachezaji. Na lori la wachezaji lilipoanza kuzunguka uwanja, wanaume wazima wenye ndevu walirukaruka kama ndama waliofunguliwa, wakatusukuma, wakaninyang'anya mkono wa Kidoti. Ndivyo alivyopotea. Meja alibaki kwa kuwa alikuwa ameng'ang'ania mkanda wangu.

Mtoto alipotea kwa muda wa saa tano. Wewe ulikuja mbio na sare ya kazi, umepoteza kiatu kimoja njiani, na dada yangu naye akaja kusaidia kutafuta. Mama mmoja wa usafi ndiye aliyemkuta chini ya ngazi, akamkalisha katikati ya ndoo na mafagio yake. Alimuuliza jina lake, akasema Kidoti. La baba yake, akasema Baba. La mama yake, akasema Mama. Na aliyekuja naye, akasema Babu. Kungekuwa na namba, angepiga simu moja tu na mtoto angekuwa mikononi mwetu kabla machozi hayajakauka. Alipotukabidhi aliuliza, bila ubaya wowote, "Mnamletaje mtoto kama huyu mahali hapa bila hata namba mkononi?"

Sentensi ile dada yangu aliibeba hadi nyumbani kama kombe. Akaunyanyua mkono wa mtoto sebuleni, akatuonyesha kwamba ni mtupu. Ukaapa kwamba uliandika. Akasema umezoea maboksi kuliko watoto, na kuanzia jioni hiyo hakukuita kwa jina lingine ila Mama Maboksi. Mumeo akanigeukia.

"Baba, wewe uliiona hiyo namba?"

"Sikuiona."

Meja alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, nami nikamtazama mpaka akainamisha kichwa. Leo ana miaka kumi na minane, na hajui kukaa na mimi chumba kimoja hata kwa muda wa kunywa chai.

Nina hasira na dada yangu kwa kufurahia. Nina hasira na mwanangu, aliyeona neno langu moja linazidi kiapo cha mke aliyemzalia watoto wawili. Nina hasira hata na wewe. Ungepiga kelele, ungevunja vyombo, labda ningesema. Badala yake uliondoka na sanduku moja, ukaniaga kwa adabu, ukaniambia nibaki salama, na adabu ile imenikwama kooni miaka yote hii.

Kidoti ana miaka kumi na mitano sasa. Amekua akiambiwa kwamba mama yake hakumjali. Nguo unazomtumia huzipokea kwa vidole viwili. Mwezi uliopita ulipopiga simu aliniagiza nikuambie amelala, mchana kweupe, naye amesimama mbele yangu anachana nywele. Nikakuambia amelala. Nilipokata simu nilijua siwezi kufa na hili.

Nimeinakili barua hii mara mbili kwa mkono wangu, moja ya mwanangu, moja ya Kidoti. Jumapili nitawakalisha wote, pamoja na dada yangu, niwasomee mwenyewe. Msamaha sikuombi. Naomba tu kwamba Kidoti akikupigia, upokee.

Nisalimie mdogo wako unayekaa naye na mumewe dereva. Mama yako mzazi mwambie kwamba namwamkia, na kwamba alikuwa sahihi kuacha kuitikia salamu zangu. Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi ambao mimi sikustahili.

Wako akupendaye, ingawa kwa kuchelewa sana,

Baba mkwe wako.

Nimeisoma tena barua kabla ya kuifunga, nikakuta ndani yake uongo mmoja. Nimeuandika leo kwa mwandiko mzuri, kama nilivyousema miaka yote, kwa sababu nimeuzoea. Hakuna aliyeninyang'anya mkono wa Kidoti. Pale tuliposimama palikuwa na nafasi, na hakuna aliyenisukuma. Wachezaji walikuwa wanarusha jezi kutoka kwenye lori, na moja ikaja upande wangu. Nilimwachia mtoto mkono, nikainua yangu yote miwili.

Niliidaka.