Mlango wa Nyumba ya Osoro

Montana, Marekani
15 Septemba 2024

Kwako Tata,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na majani chai yanachumwa. Sisi hatujambo. Gesare amepata koti, watoto wamepata marafiki, mimi nimepata darasa la hisabati lenye wanafunzi kumi na tisa. Nyamira nilikuwa na sabini na wawili.

Hawasimami nikiingia. Wananiita Mista O. Nikimkemea mmoja ananikazia macho, nami nilidhani ni dharau, hadi mwalimu mwenzangu akaniambia kwamba huku anayeinamisha macho ndiye mwongo. Alichelewa kuniambia. Mkuu wa shule alikuwa ameshaniita kuuliza cheti changu halisi cha chuo kiko wapi, maana nilibeba faili ya nakala tupu. Niliinamisha macho, kama ulivyotufundisha kusimama mbele ya mkubwa. Sasa anashuku nimeghushi. Nisipokileta kufikia tarehe nane Novemba, mkataba unavunjwa na tunarudishwa.

Kiko ndani ya kisanduku cha bati, chini ya kitanda chetu. Ufunguo unao. Tafadhali ingia ukitoe. Usimtume mtu baki. Unakumbuka cheti cha Manasseh kilivyochukuliwa na jirani. Mpaka leo kuna mtu anafundisha kwa jina lake.

Mwanao,
Osoro

Kebirigo
19 Septemba

Mwanangu,

Salamu kwa Gesare na wajukuu. Goti linauma, asante kwa kuuliza. Mvua ipo. Jibril wa saiba, lile duka la intaneti, ataipiga picha barua hii akutumie, kwa hiyo naye ataisoma, na asome.

Umesema niingie chumba unacholala na mkeo. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu nikitafuta kosa la mwandiko. Tangu utoke jandoni na kujengewa nyumba, mguu wangu haujavuka kizingiti chako. Wa babu yako haukuvuka changu hata nilipougua homa ya matumbo. Alisimama uani akauliza dirishani kama nimekufa. Hiyo ndiyo chinsoni, baba na mwana kuoneana haya. Umekaa huko wiki sita, unalalamika kwamba watoto wa watu hawana heshima, kisha katika ukurasa uo huo unanituma chini ya kitanda chako. Nilipokuwa mwalimu, mwanafunzi angeniletea insha ya namna hiyo ningemrudishia.

Mtu baki simpi ufunguo. Hapo tunakubaliana.

Tata

Montana
28 Septemba

Tata,

Goti linaendeleaje? Sisi tu wazima. Shuleni bado ni mapambano. Kuna msichana anayejifunika uso kwa kofia ya sweta kila nikikaribia meza yake. Kila siku namwamuru aivue, kila siku anaivuta zaidi.

Nakuandikia kwa adabu, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kubishana. Uligombana na wazee wa kanisa, na chifu, na karani wa mizani ya majani chai, na mkaguzi wa shule mbele yetu sote. Uliwakatalia wazee wa ukoo dada zangu wasitahiriwe, ukasema desturi isiyoweza kujieleza na ife. Umepinga kila kitu isipokuwa mlango. Nao ujieleze.

Mwanao,
Osoro

Kebirigo
2 Oktoba

Mwanangu,

Nyumbani ni wazima. Swali lako ni zuri, nalijibu.

Kisu kilimuumiza mtoto. Mlango ulimlinda. Nilikuwa mtu mkali, unajua. Shule ilikuwa yangu, boma langu, na sauti yangu ilifika hadi mtoni. Nyumba yako ndiyo ilikuwa mahali pekee ambapo ungejifungia nisikufikie. Bila mlango huo ungetoroka ukiwa na miaka kumi na sita, nami nisingekulaumu. Siuvunji kwa ajili ya karatasi.

Lakini sikuachi hivyo. Nyumba ya mwana siingii. Nyumba ya mtu aliyehama ni stoo, na stoo naingia. Niambie basi: hapa una nyumba au una stoo? Andika neno moja, "nimehama", nami nitaingia siku hiyohiyo.

Tata

Montana
20 Oktoba

Tata,

Nisamehe kwa kimya. Hatuumwi.

Gesare alisema, "Andika tu. Ni neno." Nimelianza mara nyingi wiki hizi. Nimeshindwa kulimaliza. Usiingie, Tata. Nina nyumba. Tukirudishwa, tutafikia humo.

Osoro

Kebirigo
25 Oktoba

Mwanangu,

Jibril aliisoma barua yako kwanza, akafunga duka akaniletea mwenyewe.

Jumatano nilikwenda Kiogoro kwa shangazi yako Tryphosa kumchukua Magokoro, nyanya yako. Tangu miguu yake ichoke nilikuwa nimeacha kumhesabu mama yangu miongoni mwa watu wa kutumwa, na amenikumbusha kosa hilo njia nzima. Nyanya na mjukuu hawaoneani haya, huitana mume na mke kwa utani. Nilipomweleza alisema, "Kwani nyumba ya mume wangu nani atanizuia? Wewe shida yako ni kusoma sana."

Aliingia chini ya kitanda kwa magoti, na umri wake ni miaka themanini na tisa. Hajui kusoma, kwa hiyo alileta karatasi mojamoja dirishani, nikizisoma kutoka uani. "Hii?" Cheti cha ubatizo. "Hii?" Risiti ya baiskeli. "Na huyu mwanamke asiye na haya?" Ilikuwa picha ya Gesare. Niliugeukia mgomba. Ya kumi na moja ndiyo ilikuwa cheti. Nimekituma leo asubuhi kwa ndege.

Aliniambia pia kwamba paa linavuja juu ya kitanda. Desturi ilitaja mlango, haikutaja paa. Nilipanda mwenyewe nikabadilisha bati, na palipokuwa wazi nikapapasa huku nimefumba macho. Goti limekasirika.

Tata

Montana
7 Novemba

Tata,

Pole kwa goti. Sisi ni wazima, na tunabaki hadi mkataba uishe.

Cheti kilifika jana. Nilikiweka mezani kwa mkuu wa shule, nikamtazama machoni mpaka yeye akatazama pembeni. Aliomba radhi. Ufunguo usirudi kwako. Akae nao mke wangu mkubwa, Magokoro.

Leo yule msichana alijifunika tena. Nilipita meza yake nikaendelea na somo. Kengele ilipolia alileta daftari lake, uso bado umefunikwa, hesabu zote amefanya.

Mwanao mwenye nyumba,
Osoro