Shati la Cornelius

Kambi ya Parramatta, Machi 1819

Kwako Mama mkwe,

Barua yako imefika. Sisi wazima. Nuala ameanza kuota meno, unga wetu bado una fukusi, na joto la huku halina adabu.

Umeniuliza nilikuwa na haraka gani ya kuolewa kabla udongo wa kaburi la mwanao haujakauka. Basi sikiliza. Siku tuliyomzika, sajenti alinifuata pale pale makaburini. "Pole, mama Nuala. Jumamosi unatolewa kwenye posho. Mjane hana nafasi kambini mpaka apate askari mwingine."

Nikamuuliza mtoto atakula nini.

"Si uolewe? Wanaume wamejaa hapa."

Wewe ulitaka nifanyeje? Nitembee juu ya maji mpaka kwenu Cork?

Nikamkubali Dempsey, kwa sababu hanywi sana. Tulioana Ijumaa. Kitanda ni kile kile, nyuma ya pazia lile lile, na askari wale wale wanakoroma upande wa pili.

Eti sina haya. Huku askari akifa, nguo zake hupigwa mnada kwa wenzake. Dempsey alinunua shati la Cornelius, lile nililomshonea kabla hatujapanda meli. Sasa nalifua kila Jumatatu. Jioni akivua koti jekundu na kukaa mlangoni kupaka chokaa mikanda yake iwe myeupe, namwona kwa nyuma, na mshono wangu uko mabegani. Siku nyingine najisahau, namwita Cornelius.

Naye huitika.

Mimi Honora, ambaye bado ni mkweo