Mafao Yangu na Mikorosho ya Mama

Arusha, mwezi wa tano

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua hii ikukute umekaa vizuri, na goti lile limekuacha upumzike. Mama mdogo ameniambia kwamba siku hizi unatembelea fimbo, lakini ukisikia harufu ya pilau fimbo unaisahau nyumbani. Nilicheka, halafu nikakuonea huruma. Mimi mzima. Huku ni baridi, nimevaa sweta mbili ninapoandika.

Nakuandikia kuhusu mikorosho ya mama pale Chiwata. Kwenye simu ungenikatiza, ndiyo maana nimechagua karatasi.

Wewe ndiye kaka yake mama, na alipofariki mikorosho ilibaki mikononi mwako. Sina ugomvi na hilo. Ulipoiweka rehani kwa Bwana Salumu wa Tandahimba mama akiwa hospitali, mimi mwenyewe nilikushukuru. Kosa langu ni kwamba nimekaa mbali mpaka nikasahau mambo ya kwetu. Nilidhani kila msimu Bwana Salumu akiokota korosho, deni linapungua. Nikanyamaza misimu mitatu nikijipa moyo kwamba imebaki kidogo. Ndipo mama mdogo akaniambia, "Somoe mwanangu, anachookota ni chake. Deni liko palepale, hata shilingi haijatoka." Akaongeza kwamba ulirudi kwa Bwana Salumu ukachukua hela nyingine, kwa ajili ya jando la wanao. Hapo nilikasirika, mjomba, na sitakuficha. Ule mwezi mzima ambao sikukupigia nilisema sina vocha. Vocha nilikuwa nayo.

Hela ya kukomboa sikuwa nayo mkononi, ila nilijua ipo mahali. Miaka kumi na mmoja nimekata maua ya waridi kwenye shamba moja huku, na kila mwezi mshahara wangu ulikatwa kupelekwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda ofisini kwao. Dada wa dirishani alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada yangu, hiki si kibubu. Hizi ni za uzeeni. Ukiwa bado kazini hazitoki." Nikamuuliza, je, nikiacha kazi? Akasema anayeacha mwenyewe naye hapewi, labda mwajiri ndiye amwachishe. Nikarudi kukata maua.

Mwezi wa nane mwaka jana shamba likatangaza kupunguza watu. Msimamizi wetu akasema aliye tayari kuondoka ajitaje, ili wengine wapone. Wenzangu waliinamisha vichwa. Mimi nilifikiri siku mbili, ya tatu nikamfuata. Aliniuliza, "Somoe, umegombana na mtu?" Nikamwambia nimegombana na mjomba wangu. Alidhani natania, lakini jina aliliandika kwenye orodha ya wanaopunguzwa.

Kuyapata mafao yenyewe kumenichosha. Leo barua ya kupunguzwa haina muhuri, kesho aliyepaswa kugonga muhuri yuko likizo. Mwishowe fedha zikatoka, pungufu kuliko nilivyotarajia, lakini zinatosha deni lote, la mama na la jando, na zinabaki za kununulia salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Sasa napalilia vitunguu kwa kibarua cha siku, na siku nyingine kibarua hakuna. Nikizeeka, hakuna ofisi itakayonilipa. Naogopa, mjomba, nikiri tu.

Fedha sikuzituma kwako. Nimezituma kwa mama mdogo, na nakuomba usinune. Wewe ndiye utakayezikabidhi kwa Bwana Salumu mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na wewe ndiye utakayeirudisha karatasi ya rehani nyumbani. Hilo ni lako na hakuna atakayekunyang'anya. Mkitoka hapo mpite shambani mkahesabu. Mama aliacha mikorosho thelathini na mmoja. Nasikia miwili imekauka, maana anayekuja kuokota tu hana haja ya kupogoa wala kupalilia. Salfa ipulizwe mapema, maua yakitoka isiwe ndiyo kwanza mnatafuta bomba la kuazima.

Nisalimie mkeo, Mama Rashidi, umwambie kitenge chake nimekinunua, kinasubiri mtu wa kukileta. Nisalimie wanao wote wawili. Sina kinyongo nao, jando si wao waliojipeleka, ila majembe wanayaweza sasa na magugu yapo. Mama mdogo mpe mkono kwa niaba yangu, na usimuulize tena kwa nini alinisimulia.

Jambo la mwisho, mjomba. Najua mwezi wa pili ukifika ghala ni tupu na mtu atapita tena mlangoni na noti mkononi. Usimwambie kwamba mikorosho ile ni ya marehemu dada yako, kwa sababu ulishawahi kusema hivyo na ikaenda. Mwambie ni uzee wa Somoe, na mwenyewe bado hajazeeka.

Ni mimi mpwa wako, ninayekuheshimu hata nikikasirika,

Somoe