Jiwe Nililoliacha kwa Mama Zubeda

Kindu

Yaya Asha, dada yangu mupenzi,

Nakusalimu sana, wewe na wote wa Obokote. Huku mvua inapiga kila muchana na Lualaba imejaa.

Mwezi uliopita nilimusaidia munganga kumutoa Mama Zubeda, muuza muchele wa Alunguli, kibofu cha nyongo kilichojaa mawe. Munganga aliniambia nipapase pia mufereji wa nyongo, nione kama hakuna jiwe lililoshuka humo. Nilikuwa nimechoka. Nikapitisha kidole mara moja, nikasema, «Iko safi.»

Juma hili mama alirudi na homa, macho ya manjano kabisa. Tukamufungua tena. Munganga akatoa kwenye mufereji jiwe kubwa kama punje ya maharagi.

Jana nilienda kumubadilishia bandeji. Akanisogezea sahani yake ya wali na sombe, akasema: «Unisamehe, citoyen. Ulinikataza mafuta, nikakula mawese. Njo maana ugonjwa umerudi.»

Yaya, ningeweza kunyamaza. Nikamwambia: «Hapana, mama. Jiwe lilikuwa humo tangu mwanzo. Sikulitafuta vizuri.»

Aliniangalia sana, kisha akageukia ukuta.

Anapona, Mungu asifiwe. Lakini leo ameomba mutu mwingine amufunge kidonda. Munganga pia nimemwambia, na amenitoa kwenye chumba cha operasyo kwa muda.

Majirani wakikuita yaya wa munganga, uwakatalie kwanza, uwaambie bado sijafika huko. Ujikinge vizuri na baridi ya mvua. Ninakukumbuka kila siku.

Mudogo wako,
Saidi