Usipa chini ya siti

Jumanne

Afadhali mama mkwe angenigombeza tu.

Asubuhi pikipiki ya Baba Neema iligoma kuwaka. Alipiga kiki mpaka jasho likamtoka, akamwita fundi. Fundi akachomoa plagi, akaigusisha kwenye injini, akapiga kiki. Haikutoa moto hata kidogo. Akasema ngoja afuate waya, akafungua siti.

Mfuko wangu ulikuwa pale. Usipa, vile visamaki alivyonitumia mama kutoka ziwani, nilivificha humo juzi. Panya wamevifuata, wakatafuna na nyaya.

"Kaka, siku hizi unajaza samaki badala ya petroli?" fundi akatania. Majirani wakacheka. Baba Neema hakucheka. Abiria wake wa hospitali alikuwa ameshapanda bodaboda nyingine.

Vilikuwa vya uji wa Neema, nesi alisema nimtwangie. Hapa nyumbani akija mgeni, mama mkwe anapika vyote. Lakini uchoyo ni uchoyo. Ningemwambia tu, mbona angenielewa...

"Nani kaweka samaki humu?" Baba Neema akauliza. Nikainama.

"Ni mimi, baba," mama mkwe akasema. "Uzee huu. Nilisahau."

Anajua si yeye. Ndugu wa ziwani ninao mimi peke yangu.

Fundi aliunga nyaya, mchana ikawaka. Jioni mama mkwe akambeba Neema mgongoni kama kawaida, akimwimbia. Nilishindwa kumtazama.

Kesho nikimwamkia nitasema. Nitasema kabla Baba Neema hajatoka, ili naye asikie kwamba ni mimi.