Umri Kwenye Pembe ya Picha

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Tangu juzi kuna mlio umenikaa masikioni, ko ko ko, wa kidole kikigonga kioo, na hautanitoka mpaka nikusimulie. Lakini kwanza nikujulie hali. Mgongo umetulia? Shemeji hajambo? Huyo mwanao anayeparamia kila kitu, mwambie mama yake mdogo ana mikono iliyovunjika ya kumtosha, hahitaji wa kwake. Mimi ni mzima.

Unajua nilivyojiandaa kwa mtihani wa upasuaji wa mifupa, maana wewe ndiye uliyenisomea kwa simu maswali ya kile kijitabu nilichokutumia nakala yake, huku ukishona. Ulilalamika kwamba nakujibu kabla hujamaliza sentensi, ukasema nimeacha udaktari nimeshika ramli. Tulicheka sana. Maswali mia tatu, nilikuwa nakosa manne.

Juzi akaletwa mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Picha ya eksirei ilionyesha shingo ya mfupa wa paja imekatika, vipande vimeachana. Mkuu wetu, ambaye wauguzi humwita Seremala, aliniuliza mbele ya wote tumfanyie nini. Sikumeza hata mate. Nilisema tutoe kichwa cha mfupa, tuweke nyonga ya bandia. Ndilo jibu la swali la sitini na mbili.

Seremala hakunikaripia. Aligonga kioo cha picha mara tatu, pale pembeni palipoandikwa umri: miaka thelathini na mmoja. Swali langu lilikuwa la bibi wa miaka themanini. Kijana kama huyu huokolewa mfupa wake mwenyewe, upesi, kwa skrubu. Seremala alisema nimejibu vizuri sana, ila mgonjwa niliyemjibia hayupo wodini. Muuguzi mkuu naye akauliza huyo bibi yangu alazwe kitanda gani. Wenzangu wakaangua kicheko.

Tulimfunga skrubu siku ile ile. Jana alichezesha vidole vya mguu, akanishukuru, akaniuliza atarudi kazini lini. Nilimjibu nikiangalia shuka.

Dada, sasa nikuungamie. Kile kijitabu si cha mazoezi, kama nilivyokuambia. Ni maswali ya mtihani wenyewe. Kila anayetoka kufanya mtihani hubeba matatu manne kichwani, akayaandika, yakapokezwa wa mwaka unaofuata, na baraza la mitihani huyarudia mengi. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikakushirikisha bila wewe kujua. Nisamehe. Ningefaulu, hilo sina shaka nalo. Lakini nilichokuwa nimejifunza ni kijitabu, si mifupa, na watu wangelala kwenye meza yangu wakiniamini.

Nisalimie shemeji na watoto. Nisalimie na majirani wote uliokwisha kuwatangazia, uwaambie mwaka huu simo. Leo asubuhi nilikwenda ofisi ya baraza, nikakabidhi kijitabu, nikaandika kwa mkono wangu jinsi nilivyokitumia, nikaliondoa jina langu kwenye orodha ya mwezi ujao. Wanaweza kunifungia hata mwakani. Nililijua hilo kabla ya kutia saini. Karani alinionea huruma, akanisihi niende nyumbani nikafikirie mpaka kesho. Nilimwambia nimeshafikiri, nikamwomba muhuri.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba