Kitabu cha Muuza Karanga

Neema mpenzi,

Habari za hapo bwenini? Mimi nipo Iguguno kwa mazoezi ya kufundisha. Ni mzima, ila sina mwenzangu zaidi ya upepo na vumbi.

Tangu mitumba iruhusiwe, vitabu navyo vinakuja ndani ya marobota. Mama Zainabu, anayeuza karanga barabarani, kapata kimoja kinene cha falsafa ya wanawake. Anakichana na kufungia karanga. Kila jioni nanunua kikaratasi kimoja, nakaa kwenye benchi lake na kusoma ukurasa wangu. Wewe hupo wa kunibishia, basi nabishana na ukurasa. Yeye hajui Kiingereza, huniuliza ukurasa umeandikwa nini. Wa juzi ulisema kazi za mama nyumbani hazihesabiwi kuwa kazi. Akacheka.

"Hilo nalo lilihitaji kitabu?"

Jana nikamwomba aniuzie chote kilichobaki. Akakisukuma chini ya kapu.

"Nikikuuzia chote, mwalimu, kesho hutakuja kukaa hapa."

Nitunzie kitanda changu cha dirishani. Karanga nimezichoka kabisa, lakini jioni hii naenda tena.

Wako akukumbukaye,
Tatu